Mlango wa Nguo Safi

Kila mtu mtaani alimwita Povu, na hata mumewe alipotaka kumtania alimwita hivyo hivyo. Jina lilimganda kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa dobi tangu ujanani, kwanza kwa beseni na mikono yake miwili, kisha kwa mashine moja iliyovuja, na sasa kwa mashine tatu zilizopangwa kando ya ukuta katika chumba cha mbele cha nyumba ya mama mkwe wake. Zilipozunguka zote pamoja sakafu ilitetemeka, vikombe vikagongana kabatini, na mama mkwe, chumbani kwake nyuma ya ukuta ule ule, akasikika akitangaza kwamba treni imeingia stesheni.

Biashara haikuwa mbaya. Nyumba mbili za wageni zilimletea mashuka, na wapangaji wa ghorofa la jirani walimletea mashati na mablanketi. Lakini Povu alikuwa na jambo lake moyoni. Hospitali ya serikali, ile iliyo juu ya mteremko, kila mwaka ilitangaza zabuni ya kufuliwa mashuka na magauni ya wagonjwa, na kila mwaka kazi ilichukuliwa na kampuni kubwa yenye malori. Mwaka uliopita Povu naye alijitosa. Alijaza makaratasi kwa jioni moja huku sufuria iko jikoni, akayatia kwenye bahasha, akaitumbukiza katika sanduku la zabuni, akakaa kungoja habari njema. Siku ya kufungua, bahasha yake ilikuwa ya kwanza kuwekwa kando.

Tangu hapo hakuwa na wimbo mwingine. Kila mteja aliyeleta nguo aliambiwa kwamba kule juu wana watu wao, kwamba mkono mtupu haulambwi, kwamba mnyonge hana chake. Wateja walitikisa vichwa kukubali, maana ni rahisi sana kukubaliana na dobi aliyeshika suruali yako.

Aliyechoshwa na wimbo huo alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, karani katika ofisi ya bima, mwanamke wa maneno machache aliyezoea kutafuta miwani mezani ilhali imo kichwani mwake. Siku moja alipofuata mapazia yake alimkatiza.

"Wifi, ulikwenda kuwauliza kwa nini walikutoa?"

Povu akasema mtu haiulizi mvua kwa nini imemnyeshea. Wifi akamjibu kwamba serikali si mvua. Ina ofisi, na ofisi ina watu, na mzabuni aliyeshindwa ana haki ya kuelezwa sababu. Kuuliza si ujinga. Kisha akashusha miwani, akamtazama mpaka Povu akavua aproni.

Afisa ununuzi wa hospitali aliwashangaza. Povu alitazamia mtu wa kukunja uso, akakuta mama wa makamo mwenye sauti ya upole aliyewavutia viti kwa mikono yake mwenyewe. Alifungua jalada la mwaka uliopita akawaeleza bila kuzunguka. Bahasha ya Povu haikuwa na cheti cha kodi. Ukurasa wa bei haukutiwa sahihi. Na sharti kubwa kuliko yote hakuligusa kabisa: hospitali ilitaka nguo chafu na nguo safi zisikutane hata kidogo, chafu ziingie kwa mlango wake, safi zitoke kwa mlango wake.

"Kamati haikuwahi hata kufika kwenye bei yako," alisema. "Na bei ilikuwa nzuri, dada. Mimi binafsi nilisikitika."

Povu alitoka masikio yakiwaka moto. Mwaka mzima alikuwa amewasengenya watu ambao hawakumkosea lolote. Alitembea mpaka getini, akaegemea nguzo, na wifi yake akadhani analia. Kumbe anacheka.

"Nimemtafuta mchawi mtaa mzima," alisema, "kumbe nalala naye kitandani. Na simsemi kaka yako. Ni mimi mwenyewe."

Basi wakaanza upya, safari hii kwa mpango. Wifi alichukua upande wa makaratasi. Kila alipotoka kazini alipitia pale, akaketi kwenye meza ya kupigia pasi, na polepole biashara ikaanza kuwa na sura: ikaandikishwa jina, ikapata leseni, ikapata cheti cha kodi, ikafunguliwa akaunti yake benki, mbali na pochi ambamo mume alikuwa akichota nauli. Wenye nyumba za wageni walitoa barua za kumshuhudia. Mume, ambaye alikuwa fundi rangi na mtu wa mizaha, alipaka kuta nyeupe pe, akachora mstari mwekundu sakafuni kati ya upande wa nguo chafu na upande wa nguo safi. Siku ya kwanza aliuvuka bila kukumbuka, akafukuzwa na mkewe kwa kitambaa chenye maji, na tangu hapo akawa anapiga hodi kwenye mstari.

Ukabaki mlango. Chumba cha mashine kilikuwa na mlango mmoja tu, wa barabarani. Upande wa kushoto ni ghorofa la jirani, upande wa kulia ni jikoni. Nyuma ni chumba cha mama mkwe, chenye dirisha pana lililotazama uchochoroni, na palipo na dirisha hilo ndipo mahali pekee mlango wa pili ungeweza kuwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Juu ya mkamwana anayetaka kuubomoa ukuta wa chumba cha mkwe wake, wahenga walinyamaza.

Dirisha lile halikuwa dirisha tu. Mama mkwe aliketi hapo kutwa, akajua nani kanunua viatu, nani kagombana na nani, na nani anapita akijifanya hamwoni. Chumbani humo ndimo alimoingia akiwa bi harusi. Kumwambia akihame ilikuwa kama kumwambia ahame mwili wake.

Povu na mumewe walisukumiana kazi hiyo kwa muda. Mume alisema, mwambie wewe, anakupenda kuliko anavyonipenda mimi. Povu alisema, mwambie wewe, uliyenyonya kwake. Walinong'ona jikoni, wakanong'ona kwenye kamba za nguo, wakanong'ona nyuma ya mashine zikiwa zinazunguka. Mwisho Povu alijipiga moyo konde. Mficha uchi hazai. Alichukua kikombe cha chai, akaingia, akapiga goti kumwamkia mkwewe, na maneno yote aliyoyapanga yakamkimbia.

"Mama," alianza, "kuna jambo..."

"Mlango," alisema mama mkwe bila kugeuka kutoka dirishani. "Mmenong'ona mpaka mate yamewakauka. Mimi nimezeeka miguu, masikio bado ni ya msichana. Nilikuwa nangoja mmoja wenu awe na adabu ya kuniuliza."

Povu aliinamisha kichwa, akaomba radhi. Akaeleza yote, tangu ofisi ya afisa ununuzi hadi mstari mwekundu, na akasema kwamba kama moyo wa mama hauko radhi, basi jambo limekwisha na hakuna atakayenuna. Mama mkwe alikunywa chai yake mpaka nusu.

"Nitahamia chumba cha kati, kile cha nyuma ya jikoni," alisema. "Kitapata joto la pasi ng'ambo ya ukuta, mifupa yangu itafurahi. Lakini kwa sharti. Mlango huo mlinzi wake ni mimi. Kiti changu kitakaa hapo hapo, na hakuna shuka litakalotoka kabla sijaliona. Mnanijua. Mimi doa ninaliona kabla halijatokea."

Povu alimkumbatia, chai ikamwagika kwenye kanga, na mama mkwe akasema kwamba mlinzi tayari ana kazi.

Ukuta kati ya vyumba viwili ulibomolewa, palipokuwa na dirisha mlango ukatiwa fremu, na fundi rangi akaupaka bluu ya anga. Bahasha ikapelekwa ikiwa nene na kamili, kila ukurasa umetiwa sahihi, na wifi aliipiga muhuri kwa nguvu hata meza ikalalamika. Safari hii bahasha haikuwekwa kando. Zikaja habari kwamba kamati itapita kuangalia mahali pa kazi pa kila mzabuni aliyebaki.

Walikuja asubuhi: afisa ununuzi, muuguzi mkuu, na mwenyekiti wa kamati, bwana mrefu mwenye suti na tai, asiyecheka. Povu aliwaonyesha mahali chafu zinapopokelewa, zinapolowekwa, mashine, kipimo cha joto la maji, kisha, wakiwa wamesimama kwenye mstari, pasi na rafu. Muuguzi mkuu alikuwa na maswali mengi, na Povu aliyajibu yote bila kubabaika, maana hapo alikuwa kwake. Mwenyekiti naye alizunguka peke yake akiandika. Alipomaliza upande wa chafu aliukanyaga mstari mwekundu, akaupita, akaelekea mlango wa bluu ili atoke.

Mama mkwe alinyoosha mkono, akafunga njia.

"Mwanangu," alisema kwa upole, "viatu vyako vimetoka upande wa chafu. Hapa hupiti. Rudi ulikoingilia, uzunguke."

  Povu alitaka kusema kwamba mama ni mzee, mheshimiwa asamehe, lakini wifi, aliyeomba ruhusa kazini siku hiyo, alimminya kiwiko. Mwenyekiti alimtazama mama mkwe, akatazama mstari, akatazama viatu vyake. Kuzunguka kulimaanisha kutokea mlango wa barabarani, kupita ghorofa zima, na kuingilia uchochoroni.

"Samahani, mama," alisema. Akageuka, akatoka.

Walingoja. Hakuna aliyethubutu kupiga chafya. Hatimaye uso wake ukatokea uchochoroni, upande wa pili wa mlango, jasho likimtiririka na tai imepinda, na kwa mara ya kwanza meno yake yakaonekana.

"Mimi ndiye niliyeliandika sharti hili," alisema, "na mimi ndiye wa kwanza kulivunja. Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu mama mkwe. "Karibu upate maji. Kunywa huko huko nje."

Hata muuguzi mkuu alijishika mbavu.

Matokeo yalipotoka Povu hakushinda kazi yote. Hospitali iliigawa, na sehemu kubwa ikabaki kwa kampuni ya malori, iliyokuwa na uwezo nayo. Povu alipewa wodi ya wazazi na wodi ya watoto. Afisa ununuzi alimpigia simu mwenyewe, akawa anaeleza taratibu kwa sauti ile ya upole, lakini hakusikika, kwa kuwa fundi rangi alikuwa amemnyanyua mkewe na kumzungusha katikati ya mabeseni, wifi anapiga vigelegele ambavyo hakuna aliyejua kwamba anaviweza, na jirani wa ghorofani ameinama roshani kuuliza kama kuna harusi. Povu alilazimika kupiga simu tena baadaye kuuliza aanze lini.

Waliajiri wanawake wawili wa mtaani, wote mabingwa wa kukunja. Siku ya kupeleka mzigo wa kwanza Povu hakutaka kumwachia mtu. Alipanda na vifurushi vyake mpaka wodi ya wazazi, na muuguzi wa zamu akamwomba amsaidie kutandika, maana vitanda vilikuwa vingi na mikono michache. Walitandaza shuka pamoja, huyu pembe hii, yule pembe ile. Kisha mama mmoja kijana aliyejifungua alfajiri akaletwa, akaegemea mto, akavuta pumzi ndefu.

"Linanukia jua," alisema.

Mtoto wake aliwekwa kando yake, mwekundu, amekunja ngumi, amekasirikia dunia nzima. Povu aliinama kumtazama. Mtoto alipiga mwayo, akajinyoosha, akaifungua ngumi moja polepole juu ya ile nguo nyeupe, akalala. Muuguzi alikuwa ameshahamia kitanda kingine, anamwita ashike pembe. Povu alimwambia aje mwenyewe kwanza aone kitu kizuri.