Tangi la Mparachichi

Mtu akiniuliza nafanya kazi gani hapa Burungu, namjibu kwamba nachunga matangi, na akicheka namwacha acheke. Ni matangi meusi ya plastiki, yamejaa maji safi na kufunikwa yasipitishe mwanga hata kidogo, yametapakaa kilimani katikati ya maharagwe ya watu. Mbali huko angani, nyota zilizolipuka hututumia mionzi ya gama yenye nguvu za kutisha. Mwonzi mmoja ukigonga hewa ya juu hupasuka ukawa manyunyu ya chembe, na chembe hizo zikipita ndani ya maji huacha mmweko wa buluu ambao jicho la umeme lililo ndani ya tangi, chini kabisa, huuona. Matangi yakitoa mmweko pamoja, iwe mchana au usiku, hiyo ni mbingu. Tangi likihangaika peke yake, hiyo ni taabu, na taabu zote ni zangu.

Asubuhi ile taabu ilikuwa kwenye tangi la karibu na mparachichi. Katika skrini mstari wake ulikuwa umepanda kuliko mingine yote, ukatulia huko juu, bapa kama meza. Nilikasirika. Raphaël, mkubwa wangu aliyeko Goma, alikuwa amenipigia simu kwamba nyota tunayoifuatilia imechachamaa na nisithubutu kuzima hata jicho moja. Macho yenyewe tuliyaomba miaka mingi, na la akiba hatuna.

Kisha nikakumbuka ni wapi niliwahi kuona mstari wa namna ile. Mezani kwangu nina jiwe dogo la koltani, madini ya bei yanayochimbwa Walikale. Koltani ina mionzi kidogo ndani yake, basi nikitaka kujua kama jicho ni zima, naweka jiwe juu ya tangi na mstari unapanda vilevile. Sasa jiwe lilikuwa mezani, mbele yangu. Nikatazama nje. Omer, mdogo wa mume wangu na mlinzi wetu, alikuwa amesimama chini ya mparachichi bila kazi yoyote, na mchanga ulioshikilia lile tangi ulikuwa umefukuliwa na kurudishiwa.

Sikupata nafasi ya kumwita. Wenye bunduki walikuwa wameshafika uani. Walisema kuna koltani yao iliyopotea kwenye barabara ya Walikale, na sote tulijua maana yake, kwa sababu wiki ileile walikuwa wamempiga risasi jirani yetu Tuyishime kwa mfuko mmoja waliouona jikoni kwake. Komanda wao alinisalimia kwa adabu, jambo lililonitisha zaidi. Akakaa kwenye kiti changu, akaliona jiwe, akalipimapima kiganjani.

"Mama Adrienne, hii iko koltani. Unafanya nayo nini?"

Nikamweleza ukweli, maana uongo wa ghafla hunishinda. Akataka aone. Nikatoka nikaweka jiwe juu ya tangi jingine, naye akautazama mstari ukipanda taratibu. Kwa bahati mbaya hakuwa mjinga. Niliporudi nalo, kidole chake kilikuwa juu ya mstari wa mparachichi.

"Na hii? Nani aliiwekea jiwe?"

Dirishani nilimwona Omer, mikono nyuma kama mwanafunzi anayesubiri fimbo. Nilimchukia, na nilitaka aishi. Vyote viwili kwa pamoja.

"Ile haina jiwe, Komanda. Mufuniko yake inapitisha mwangaza. Iko mugonjwa."

"Nataka preuve. Ifungue nione."

Jicho lililozoea giza, likiwa na umeme, haliwezi kustahimili jua. Linaungua. Kila anayepanda kilima hiki nimempigia kelele: zima umeme kwanza. Nilipita mbele ya swichi bila kuigusa: jicho lililoungua halimshtaki mtu. Vijana wake wawili walinisaidia kulegeza skrubu, nami nikasimama juu ya ule mchanga uliofukuliwa, kitenge kikiufunika. Simu ilikuwa ikiita mfukoni. Nikainua mfuniko, na jua lote likaingia.

Komanda aliyaona yote kwenye skrini: mstari uliruka hadi juu kabisa, ukaanguka, haukuinuka tena. Alikuja akainama juu ya tangi, akaingiza mkono hadi kiwikoni. Maji matupu.

"Imekufa," akasema.

"Nilikuambia iko mugonjwa."

Aliniangalia usoni, halafu miguuni. Kisha akajikung'uta maji, akatia jiwe langu mfukoni, wakashuka.

Omer alipiga magoti palepale. Alisema mifuko iliyofukiwa pale haikuwa yake, ilikuwa ya rafiki yake Samy, aliyekuja nayo usiku akikosa pa kuificha.

"Shemeji, ni weye ulitwambia kwa mukutano," akasema. "Hizi tanki zinaangaliaka juu tu, hazitafutake mali ya chini. Njo maana nikaona hapa hakuna mutu atajua."

Kilima kizima, akachagua mahali pekee panapoweza kusema. Nilimzaba kofi, halafu nikakishika kichwa chake mpaka kikaacha kutetemeka, na mimi nikalia kwa ajili ya jicho langu.

Simu ikaita tena. Raphaël alikuwa anacheka kwa furaha: ile nyota ilikuwa imetapika, manyunyu yamemiminika juu ya matangi yote. Yote isipokuwa la mparachichi, lililozimika kipindi kilekile, na bila hilo la katikati hawezi kusema kwa uhakika yalitoka upande gani. Sauti yake ikabadilika. Akauliza ni mpumbavu gani aliyefungua mfuniko bila kuzima umeme.

Omer alikuwa anafukua mchanga kwa mikono mitupu.

"Ni mimi," nikasema.

Raphaël akaniambia nimwachie mlinzi funguo, nishuke Goma na vitu vyangu vyote.