Mkwe Hanyeshewi Mara Mbili

Watu wa Konde wamewahi kugawanyika kwa sababu ya mwezi, kwa sababu ya mpira, na mara moja kwa sababu ya mbuzi ambaye hadi leo mwenyewe hajulikani. Lakini hawakuwahi kugawanyika kama walivyogawanyika Novemba iliyopita kwa sababu ya paa la gari la Haidar.

Gari lenyewe lilikuwa landrova fupi, kuukuu, ya rangi ambayo zamani ilikuwa kijani na sasa kila mtu aliiita atakavyo. Hakukuwa na tope kisiwani lililowahi kulizuia. Lilikuwa na kila kitu isipokuwa paa. Kwa usahihi zaidi, lilikuwa na turubai, na turubai lilikuwa na matundu, na matundu yalikuwa na uzoefu wa miaka mingi.

Masika iliyopita Haidar alikwenda bandarini Mkoani kumpokea mama mkwe wake, Bi Mwanapili, aliyevuka kutoka kisiwa kidogo cha Makoongwe kuja kumtazama binti yake Saada. Mvua iliwakuta Chake Chake. Maji hayakupita matunduni kwa utaratibu, kama maji yaliyolelewa vizuri. Yalijikusanya juu, turubai likafanya tumbo, tumbo likakua pole pole njia nzima, na walipokata kona ya kuingia Konde likapasuka. Bi Mwanapili alikuwa amekaa chini yake barabara.

Hakupiga kelele. Aliteremka, akalikamua buibui lake kwa mikono miwili kama anayekamua tui, akasema, "Ahsante, mkwe." Kesho yake alirudi kwao kwa gari ya abiria, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena Konde. Haidar angependelea kutukanwa.

Sasa Saada alikuwa na mimba ya miezi minane, tena ya kwanza. Na mtoto wa kwanza, kwa mila, huzaliwa kwao mke. Binti hurudi kwa mama yake akakandwa, akanyweshwa uji wa pilipili manga, akatimiza arobaini yake huko huko. Haidar alihesabu: mwezi mmoja wa kungojea, siku arobaini za uzazi, na siku kadhaa za "mwache apumzike kidogo." Miezi mitatu bila Saada! Alishawahi kujipikia wali mara moja, Saada alipokwenda mazikoni Wete. Kuku waliutazama, wakaondoka. Na si chakula tu. Haidar alikuwa hajui siku imekwisha mpaka Saada amsimulie yaliyotokea ndani yake, pamoja na yale yaliyomtokea Haidar mwenyewe.

Basi akamwomba mkewe ampigie mama yake simu, amwambie aje yeye.

"Nije mie huko?" sauti ya Bi Mwanapili ilisikika hadi uani. "Kwa gari gani?"

"Ya Haidar, mama."

Haidar, aliyekuwa amesimama nyuma ya pazia, alihisi unyevunyevu mgongoni.

"Mwambie mumeo n'takuja Alkhamis ijayo," alisema Bi Mwanapili hatimaye. "Nikifika mkavu, nakaa kwako mpaka arobaini iishe. Nikiingiwa na tone moja, tone moja tu Saada, unafunga nguo zako na tunarudi sote Makoongwe."

Asubuhi yake Haidar alikuwa Wete kwa fundi Suhaib, mtu aliyekuwa akizitengeneza gari za watu wote na yeye mwenyewe hana. Suhaib alimwonyesha vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa turubai jipya, zito, lenye madirisha ya nailoni na vifungo vya shaba. Cha pili kilikuwa paa la bati alilolivua kwenye landrova iliyokufa, bapa, pana, na limenyooka kama meza ya hakimu.

"Turubai unalikunja ukitaka upepo, unapakia kabati limesimama," alisema Suhaib. "Bati halikunjwi, lakini halipasuki. Hiari yako."

"Wewe ungechukua lipi?"

"Mie n'na baiskeli, bwana."

Haidar akasema atakwenda kufikiri mpaka kesho. Hapo ndipo alipokosea, kwa sababu Konde mtu hafikiri peke yake. Alipotoka msikitini baada ya sala ya alasiri alikuta habari imeshamtangulia barazani, na wazee wamekaa kama mahakama ya rufaa.

Mzee Vuai, jirani yake, alifungua kikao. "Mwanangu Haidar, chukua turubai. Turubai ni kitu cha kheri. Harusi ikija, unalivua, tunalifunga baina ya minazi miwili, wageni wanakaa kivulini. Msiba ukija, hivyo hivyo."

"Mzee Vuai ana mabinti wawili wa kuozwa," sauti ilitoka dirishani. Ilikuwa ya Bi Tatu, shangazi yake Haidar, ambaye hakuhudhuria baraza kwa sababu ni la wanaume, ila dirisha lake lilikuwa limehudhuria kila siku kwa miaka thelathini. "Usimsikilize huyo. Chukua bati, mwana wa kaka yangu."

"Kwa nini bati, Bi Tatu?"

"Kwa sababu ni bapa, linapata jua pande zote, na kuku hawafiki. Nyumba hii uwanja wake wote ni kivuli, na mie n'na karafuu pishi kumi mbichi zinaningoja. Bati likishika moto, siku mbili tu zimekauka."

"Unataka kuanika karafuu juu ya gari ya mtu?" alihamaki Mzee Vuai.

"Kwani wewe hutaki kuozesha chini ya turubai la mtu?"

Basi baraza likakatika vipande viwili. Wenye mabinti walikaa upande wa turubai, wenye mikarafuu wakakaa upande wa bati. Wale wenye vyote viwili walionekana wakihama hama kwa mateso makubwa ya nafsi. Hoja zilitolewa, zikapingwa, zikatolewa tena kwa sauti ya juu zaidi. Kitu kimoja tu hakikutajwa.

"Jamaa," alisema Haidar kwa unyonge, "mbona hapana hata mmoja anayezungumzia gari?"

"Gari inaingiaje hapa?" aliuliza Mzee Vuai.

Nyumbani alimkuta Saada amekaa kitini, miguu ndani ya beseni la maji ya moto, amesikia yote kupitia kwa Bi Tatu.

"Turubai jipya likifungwa vizuri halivuji," alisema Haidar. "Na ni raha, upepo unapita."

"Najua. Lakini mama hatazami kama linavuja. Mama atatazama kama ni turubai."

Kesho yake Haidar akalichukua bati.

Suhaib alilifunga kwa boliti kumi na nne na kuziba kila upenyo kwa mpira. Siku ya Jumatano Haidar aliliegesha gari mbele ya nyumba na kulifanyia majaribio mbele ya mashahidi. Vijana walipanda ngazi wakalimwagia ndoo kumi na mbili za maji, huku kila mtu amesimama nje na kushangilia. Kisha mlango ukafunguliwa, na Mzee Vuai, kwa kuwa alikuwa mpinzani na ushahidi wake ungeaminika, akaingiza mkono kupapasa viti. Akakiri kwa uchungu kwamba ni vikavu. Haidar alilala usingizi wa mtu aliyefaulu mtihani.

Alkhamis asubuhi alitoka nje na ufunguo mkononi, akakuta gari lake limevaa jamvi. Juu ya jamvi zilikuwa karafuu, zimetandazwa sawasawa, na Bi Tatu yuko juu ya ngazi akizigeuza kwa mkono.

"Shangazi! Mie nakwenda Mkoani kumchukua mkwe!"

"Nenda, nani kakuzuia?"

"Na hizi?"

"Hizi leo ndiyo siku yao ya kwanza ya jua. Nikizianua sasa zitafanya ukungu, na ukungu huo utakuwa juu ya shingo yako. Jua hili la Konde na la Mkoani ni moja, baba. Endesha pole pole."

Ikawa hivyo. Jamvi likafungwa kamba pembe zote nne, wavu ukatandwa juu yake, na Haidar akasafiri kutoka kaskazini ya kisiwa mpaka kusini kwa mwendo wa jeneza. Kila kilima alikipanda kwa dua na kukiteremka kwa dua nyingine. Baiskeli zilimpita. Chake Chake mtu mmoja alimsimamisha akamuuliza kama anauza, mwingine akamuuliza kama mzima.

Bi Mwanapili alikuwa ameshavuka, amekaa juu ya sanduku lake bandarini, buibui limepigwa pasi mpaka linang'aa. Alilitazama gari kuanzia magurudumu, akapanda na macho yake pole pole hadi juu.

"Mkwe," alisema, "umeniletea gari au uwanja wa karafuu?"

"Gari, mama. Karafuu za shangazi. Zimeomba lifti."

Bi Mwanapili akasogea, akagonga bati kwa kifundo cha kidole mara tatu, kama anayechagua nazi sokoni.

"Bati," alisema.

"Naam, mama."

"Hmm."

Haidar hakuwahi kusikia "hmm" nzuri kama ile. Na hapo hapo, upande wa Makoongwe, wingu jeusi likasimama. Haidar akapanda juu mbio, akazikusanya karafuu ndani ya gunia, akalipakia nyuma. Bi Mwanapili naye akakaa nyuma, sambamba na gunia, kwa kuwa si adabu mtu kukaa ubavuni mwa mkwewe kiti cha mbele. Milango ikafungwa, madirisha yakapandishwa. Harufu ya karafuu ikajaa mle ndani hadi machozi yakawatoka. Bi Mwanapili alipiga chafya nane, akamshukuru Mola kwa kila moja.

Mvua iliwakuta Chake Chake, mahali pale pale pa masika iliyopita, kama iliyoagana nao.

Matone ya kwanza yalikuwa tik, tik. Ya pili hayakuhesabika. Bati lilipiga kelele kama vikosi vitatu vya ngoma vilivyokodiwa harusi moja kwa makosa. Haidar hakuisikia injini. Hakuusikia ukelele wa honi yake mwenyewe. Lakini aliinua macho juu, akapapasa dari kwa mkono mmoja. Kavu! Akapapasa tena. Kavu! Moyo wake ukachanua.

Katika kioo cha kutazamia nyuma alimwona Bi Mwanapili, au kwa hakika aliuona mdomo wake, kwa sababu kioo kilikuwa kidogo. Mdomo ulikuwa unasema. Ulisema maneno mengi, ukapumzika, ukangoja.

Haidar alifikiri. Kumwambia mkwe "sikusikia" mara moja kunawezekana. Mara ya pili ni utovu wa adabu. Na mvua hii ilikuwa ya kutosha mara arobaini. Mtoto aliyelelewa vizuri ana jibu moja tu kwa mama mkwe, na jibu hilo halihitaji masikio.

"Naam, mama!" alipiga kelele.

Mdomo ukaridhika, ukaendelea. Ukangoja tena.

"Naam, mama!"

Hivyo ndivyo walivyokwenda hadi Konde, mdomo ukisema na Haidar akiitikia. Mara moja aligeuka nyuma akacheka kabisa, kuonyesha kwamba mazungumzo yanamburudisha.

Mvua ilikatika walipofika mlangoni. Saada alitoka na mkono kiunoni. Bi Mwanapili aliteremka, akajipapasa mabega, akajipapasa mtandio, akainama akalikagua pindo la buibui kwa ncha za vidole.

"Mkavu," alitamka Bi Mwanapili. "Ahadi ni deni. Nakaa, na mwanangu harudi nami kokote."

"Alhamdulillahi!" alisema Haidar, na kama asingekuwa mkwe angembusu mkono mara mbili.

"Tena Saada, mume wako huyu nilimdhulumu. Mtu mwema, msikivu. Njiani nimezungumza naye yote, na yote kayakubali."

"Yote yepi, mama?"

"Nimemwambia chumbani kwenu n'talala mie na wewe, si unajua mzazi hulala na mama yake. Kasema naam. Nikamwambia ukumbini watalala wadogo zako, Ummkulthum na Laila, wanakuja Jumamosi kunisaidia. Kasema naam. Nikamuuliza, na wewe mwanangu utalala wapi? Kasema naam."

"Hilo nalo kasema naam?"

"Naam. Nikaona anaona haya kuniambia. Nikamwambia, basi lala kwenye gari, madhali ina paa zuri na haivuji, siku arobaini si nyingi. Basi kageuka kacheka, tena kwa furaha! Wanaume wa siku hizi hawako hivyo."

Akaingia ndani kuvua buibui. Saada alimtazama mumewe.

"Haidar, umekubali kulala garini?"

"Sikusikia neno hata moja tangu Chake."

"Basi nenda kamwambie. Mwambie, mama, muda wote ule ulikuwa unazungumza peke yako, na mie nilikuwa nakuitikia tu."

Haidar aliutazama mlango alioingilia Bi Mwanapili. Akalitazama gari. Akautazama mlango tena, kwa muda mfupi zaidi.

"Mto wangu uko wapi?" aliuliza.

Saada alicheka hadi akashika ukuta, kisha akamletea mto na shuka, na mkeka wa kutandika baina ya viti. Alikuwa bado anacheka Bi Mwanapili alipotoka na kanga yake mpya, amekuja kuhakikisha kwamba mkwe wake mwema atalala vizuri.

"Hebu jinyooshe, mwanangu, tuone," alisema.

Haidar akapanda kwa nyuma, akajinyoosha. Kichwa kiligusa kiti cha dereva. Miguu ilitoka nje ya mlango wa nyuma mpaka magotini, ikaning'inia mbele ya mkewe, mama mkwe wake na sehemu kubwa ya wakaazi wa Konde.

Bi Mwanapili aliichunguza kwa makini.

"Basi mlango usifungwe," alisema. "Utapata hewa."

"Naam, mama," alijibu Haidar.