Masomo Kumi ya Mfagia Banda

Jumatatu saa mbili asubuhi, mfagiaji wa banda la farasi aliegemeza reki ukutani, akanawa mikono kwenye pipa, akaenda ofisini kwa meneja kuchagua zawadi yake ya miaka ishirini kazini. Kanuni ya klabu hiyo ya wapanda farasi ilimruhusu kuchagua chochote kwenye orodha iliyobandikwa mlangoni. Waliomtangulia wote walichagua saa ya ukutani. Yeye aliweka kidole kwenye mstari wa tano: masomo kumi ya kupanda farasi.

"Mama, hiyo ni ya wanachama," alisema meneja.

"Orodha haisemi hivyo, bosi."

Meneja aliisoma mbele na nyuma. Haikusema. Basi akampangia Sitaki, farasi jike mwekundu aliyelistahili jina lake, na akaongeza kwamba akikosa somo hata moja, mengine yote yamekufa.

Sitaki alikuwa na tabia moja. Akimrusha mtu, mtu huyo haanguki. Hubaki hewani, usawa wa paa la banda, mpaka aletewe ngazi. Jaji mmoja mstaafu aliwahi kukaa huko akamaliza gazeti zima, akalalamikia upepo tu. Ngazi ililetwa na mfagiaji siku zote. Yeye ndiye aliyeishikilia wakishuka, na walimkanyaga vidole bila hata samahani.

Somo la kwanza, Sitaki alimrusha kabla hajatia mguu wa pili kwenye kikuku cha tandiko. Mfagiaji alitulia huko juu, akaivuta sketi yake ikakaa vizuri. Mwalimu, mtu mpole aliyeogopa barua za onyo kuliko kwato, aliitazama ngazi, kisha akamtazama meneja.

"Ngazi ni ya wanachama," alisema meneja. "Na hilo limeandikwa."

Lilikuwa limeandikwa kweli, kwa rangi nyeupe, ubavuni mwa ngazi.

Mchana binti wa mfagiaji alikuja kumfikishia chakula kwa ncha ya fito.

"Mama, si uache tu? Saa ya ukutani ina ubaya gani?"

"Nimewafagilia miaka ishirini nikiwa nimeinama. Leo nishuke kwa kuwaomba? Thubutu! Hebu nipandishie chumvi."

Jioni, wanachama walipokwisha kuondoka, Sitaki alitoka bandani mwenyewe. Alipanda hewani taratibu, hatua kwa hatua, akasimama chini ya miguu ya mfagiaji. Mkono wa mama huyu ndio uliomsugua mgongo tangu alipozaliwa. Mfagiaji alijishusha juu yake.

"Umenichelewesha," alimwambia.

Alirushwa katika somo la pili, la tatu, na mengine yaliyofuata. Mapaja yalimvilia damu, na alipanda ngazi za nyumbani kwake kinyumenyume. Lakini kila somo Sitaki alimfuata upesi zaidi, na kufikia la nane walikuwa wakipita pamoja juu ya paa. Huko mfagiaji aliona mifereji ya maji imeziba majani. Aliizibua siku iliyofuata, maana kazi ni kazi.

Somo la kumi, wanachama walitoa viti nje, wakatarajia kicheko. Mfagiaji, juu ya Sitaki, aliruka viunzi vyote sita bila kuangusha hata kimoja, kisha akawaruka wao wenyewe, wamekaa vitini na vikombe vya chai mkononi. Mwanachama mmoja alisema kwato za farasi yule zinahitaji kukatwa.

Mwalimu alifungua daftari la klabu. Safu ya mpandaji ilikuwa ya wanachama peke yao, na meneja alikuwa amesimama nyuma ya bega lake. Akaandika: Sitaki, viunzi sita, hakuna kosa, bila mpandaji. Alimwonyesha mfagiaji ukurasa huo akiwa ameinamisha macho.

Mfagiaji alikasirika mpaka masikio yakamwaka moto.

"Bila mpandaji?"

"Ndivyo daftari linavyotaka, dada."

"Haya. Ni sawa."

Akamgeuza Sitaki kuelekea lango la wanachama. Mlinzi alikuwa na amri kali: mfanyakazi haruhusiwi kupita pale akiwa juu ya farasi. Akaomba aletewe daftari, kama ilivyopasa. Akalisoma bila haraka.

"Huyu hana mpandaji," alisema, akafungua lango lote.

"Mzuie huyo mwanamke!" meneja alipiga kelele kutoka mbali.

"Mwanamke gani, bosi?" aliuliza mlinzi.

Kesho yake saa kumi na mbili alfajiri mfagiaji alirudi juu ya Sitaki, akamfunga, akashika reki. Meneja alikwisha kubandika tangazo jipya kwamba wafanyakazi hawapandi farasi, na daftari halikusahihishwa hata herufi. Kila jioni mlinzi huandika kwamba farasi mmoja ametoka, bila mpandaji. Mfagiaji humngoja amalize, halafu hupita. Wanachama wakikutana naye barabarani husogeza magari pembeni kumpisha farasi. Hawamsalimii. Naye hashuki.