Ngoma Juu ya Shimo la Nyanzobe

1.

Jumanne, tarehe sita Agosti, asubuhi, ndipo mambo yalipoharibika.

Si siku aliyokufa Mbuke. Hiyo ilikuwa Juni, nayo ina hasira yake, itasemwa. Jumanne hii ni siku watu wa ofisi walipomletea Luhende ngoma tatu nyumbani, eti wamwamshe chatu wa marehemu mkewe.

Chatu jike. Jina lake Nyanzobe. Kichwa kikiwa mlangoni, mkia bado uko kwenye mafiga. Alikuwa amezama ardhini tangu matanga yaanuliwe, na hakuna aliyejua kwa nini

ngoja. Tuanze na karatasi. Kwa hawa watu kila balaa huanza na karatasi yenye muhuri.


2.

OFISI YA MTENDAJI WA KIJIJI
MWALUGENDA

YAH: MAPOKEZI YA MGENI RASMI, SIKUKUU YA NANE NANE

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.
Kikundi cha ngoma ya nyoka kinaagizwa kutumbuiza. Chatu awepo bila kukosa. Bw. Luhende, mfiwa, atoe ushirikiano. Atakayekaidi atachukuliwa hatua kali.

Wote mnakaribishwa.


3.

Mfiwa.

Neno hilo waliliandika wao wenyewe, kisha wakapiga muhuri juu yake.


4.

Mbuke alikuwa manju. Yeye ndiye aliyeongoza ngoma, akatunga nyimbo, akacheza na chatu shingoni mbele ya vijiji vizima baada ya mavuno. Nyuma ya jiko alimjengea Nyanzobe kibanda, kimeegemea kichuguu kilichokufa zamani, sakafu yake mchanga na pumba za mpunga.

Luhende hakumpenda huyo nyoka. Asisingiziwe.

"Kuku anakula yeye, mimi nakula dagaa."

"Wewe hukui tena, Baba Shija," Mbuke alimjibu. "Mwenzio bado anakua."

Wakacheka. Dagaa wakaliwa.

Sasa Mbuke hayupo, na Luhende anaamka alfajiri kwenda kumtazama yule mla kuku. Kitu pekee kilicho hai ambacho mikono ya Mbuke ilikizoea. Ukimtoa yeye mwenyewe.


5.

Kwa nini nyoka wa kufugwa azame?

Bwana mifugo, bila kuzima pikipiki: "Baridi hiyo, mzee. Agosti hii hata mimi ningechimba."

Holo, mdogo wake Mbuke, mpiga ngoma: "Anaomboleza, shemeji. Kaona mwenye mikono haji."

Mtendaji: "Kiburi. Kamuiga mwenye nyumba."

Mbuke, enzi za uhai wake, mwiko mkononi, mume akimsikiliza kwa sikio moja: "Akizama usimfukue. Huenda kafuata joto. Huenda anataka kujivua ngozi, anatafuta unyevu. Mtazame macho, yatakuwa kama maziwa. Huenda ana mayai, anataka pa kuatamia. Hayo matatu muachie mwenyewe, atapanda. Lakini akizama kwa ile ya nne, Baba Shija, hapo usije uka"

Uji ulifoka. Akakimbilia sufuria.


6.

Wewe unayesoma, umekaa kwenye kiti?

Kikalie vizuri, maana Mbuke alikufa kwa ajili ya viti. Tumbo lilimshika mchana, zahanati wakasema apelekwe hospitali kubwa, na gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda kubeba viti vya mkutano. Viti vya plastiki. Vya bluu. Viliporudi vikashushwa kwanza, vikahesabiwa, vikapangwa stoo.

Ndipo wakaja kumchukua.

Hakuna tangazo lililobandikwa kuhusu hilo.


7.

Jumanne hiyo, uani:

"Yuko wapi?" Mtendaji, shati limenyooshwa mpaka linakata.

"Amezama."

"Mwambie atoke."

"Mwambie wewe. Wewe ndiye serikali."

Watu wakacheka. Mtendaji hakucheka, na hapo ndipo Luhende alipokosea: kumfanya mtu achekwe uani huku bosi wake anasubiri kwenye simu.

"Pigeni ngoma," Mtendaji akasema. "Si ndiyo inayomtoaga?"

"Ndiyo," watu wakaitikia.

Na waliamini. Miaka yote waliona hivyo: ngoma inalia, mlango wa kibanda unafunguka, Mbuke anatoka na chatu mabegani. Ngoma imemwita, nyoka amekuja. Kijiji kizima kiliona kwa macho yake.

Kutokea nje.


8. *(Wasemavyo waliopiga)*

Sisi tulipiga kwa nia njema. Holo ndiye aliyeanza, analia na anapiga. Tukaziweka ngoma juu ya udongo wenyewe, juu ya kile kichuguu, ili asikie vizuri. Hakutoka, tukazidisha. Mtendaji akasema hamjala nyie? Tukazidisha tena. Ardhi yote ilikuwa inatetema, mpaka vikombe vikadondoka kichanjani. Tulifurahi. Tulisema, kwa mshindo huu, hata Mbuke mwenyewe


9.

Ngoma.

  Akashuka.

Ngoma.

    Akashuka.

Ngoma ngoma ngoma.

        Chini.


10.

Luhende alikuwa kibandani, amelala kifudifudi kwenye pumba, mkono shimoni hadi begani. Ncha ya mkia ilikuwa inagusa kidole chake. Kila walipopiga, ncha ilivuta. Akapiga kelele waache. Nani amsikie?

Na hapo, pumba zikimwingia puani, akamwona Mbuke kama zamani. Siku ya kucheza aliingia kibandani mapema, kimya, na jiwe la mafiga lenye moto wake amelifunga kwenye kanga. Analiweka. Anakaa chini, miguu ameinyoosha. Hasemi neno. Mwenye kutaka joto anapanda polepole, anajilaza mapajani. Anabebwa. Ndipo Mbuke anapunga mkono kupitia upenyo wa mlango.

Ndipo ngoma inaanza.

Haikumwita hata siku moja. Ilisubiri awe tayari mikononi.

Ile ya nne.

Hofu.

Mkia ukaacha kidole chake.


11. *(Mtendaji, simuni, chini ya mti wa mlonge)*

"Ndiyo, mheshimiwa… Hapana, mheshimiwa, hajatoka… Hatujui yuko upande gani, ndiyo… Turubai la mgeni rasmi? Liko karibu, ndiyo, uwanja wa shule… Naelewa. Naelewa kabisa. Usalama kwanza, mheshimiwa."


12.

YAH: USALAMA WA RAIA NA MALI ZAO

Kutokana na mnyama hatari kutojulikana alipo, shimo husika litazibwa.


13.

Jumatano walimwita ofisini kutoa maelezo. Alikaa kwenye benchi. Hakuna aliyemuuliza chochote. Karani alikuwa anakula karanga.

Nje likapita tipa la kifusi.

Luhende akaliangalia likipita, akawaza, wanatengeneza barabara angalau.

Angalau!


14.

Aliporudi, juu ya shimo: mawe. Vipande vya matofali. Zege juu, bado bichi, na alama ya kiatu cha mtu.

Alichukua jembe akalipiga pigo moja.

La pili akaliacha hewani.

Jembe nalo ni ngoma. Kila pigo lingemkuta huko chini, kama bado ana pa kwenda. Na kama hana, pigo litamkuta hapohapo.

Akaliweka jembe chini kama mtu anayelaza mtoto. Akapiga magoti, akaanza kukwangua zege kwa kijiko. Kisha jiwe. Kisha jiwe.

Holo alikuja, akasimama.

"Shemeji, mimi ndiye niliyeanza kupiga."

"Vua viatu," Luhende akamwambia. "Ukitembea hapa, tembea kama mwizi. Shika upande ule."


15.

Nane Nane mgeni rasmi hakuja. Alituma salamu. Viti vya bluu vilijaa, kikundi kikaimba bila nyoka, watu wakapiga makofi kama kawaida.

Mshindo ule ulifika mpaka kibandani. Luhende na Holo wakaacha mawe, wakasubiri uishe.


16. *(Yaliyosikika ofisini Ijumaa)*

Mtendaji: "Mimi nilipokea maelekezo."

Waliotoa maelekezo: "Sisi tulisema lizibwe. Hatukusema lizibwe vipi."

Dereva wa tipa: "Mimi namwaga ninapoonyeshwa, mzee wangu."

Karani: "Andika barua."

"Siandiki," Luhende akasema. Alisimama katikati ya chumba hicho, kucha zimekatika, damu na saruji vimekauka vidoleni. "Barua zenu nimezisoma. Mimi kule bado niko kwenye mawe, na nikifika chini sijui nitakuta nini. Nina swali moja tu, wala halihitaji muhuri."

Mtendaji akatazama simu yake, ambayo haikuwa inalia.

"Kabla ya kumwaga, kuna mtu hata mmoja aliyeinama akaangalia?"