Tanuri la Vivuli

Krr, krr, krr. Jogoo alikuwa hajawika bado, na Kalondu alisikia mchwa wakila nguzo iliyo karibu na kichwa chake. Aliigonga kwa ngumi. Mchwa wakanyamaza. Akahesabu hadi thelathini, kama alivyofundishwa kwenye gumbaru, darasa la jioni la watu wazima, wakaanza tena.

Nguzo mbili za upande wa jikoni walikuwa wamezimaliza, na ukuta wa udongo ulikuwa umeinama kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Mvua za Novemba zilikuwa zimebakiza wiki sita. Alimsogeza bintiye Ndululu, wa miaka minne, hadi ule upande wa kitanda ambao ukuta ulikuwa bado na nguvu, akangoja kukuche.

Zamu yake ya nyumba ilikuwa imefika. Kikundi chao cha mwethya, akina mama kumi na wawili wa nje kidogo ya Kibwezi, kilijengeana nyumba kwa zamu, mwaka huu huyu, mwaka ujao yule. Mabati ya Kalondu yalikuwa tayari chini ya magunia. Matofali elfu tatu yalikuwa yamefyatuliwa na kukauka. Kilichobaki ni kuyachoma, na hapo ndipo mambo yalipokwama. Chifu alikuwa ametoa amri kwamba mti usikatwe, si wa makaa, si wa kuchomea matofali. Nchi inahamia umeme, alisema barazani. Kuni ni mambo ya zamani.

Umeme wenyewe ulipita juu ya shamba la Kalondu. Ulitoka kwenye mabwawa ya mto Tana ukaenda Mombasa, juu ya milingoti ya chuma, bila kushuka popote. Ili upate njia, watu wa laini walikuwa wamekata kila mti kwenye ukanda wenye upana wa hatua sitini: migunga, mikwaju, hata ule mkwaju mkubwa ambao mama mkwe wake alikuwa akifungia mbuzi. Magogo yalipakiwa kwenye malori yakaenda. Vivuli walivisahau.

Kwa hiyo miaka miwili baadaye vivuli vilikuwa bado pale, kila kimoja mahali pake, vikizunguka na jua kutwa. Mbuzi walilala humo. Akina mama walifyatulia matofali humo. Jioni nyaya zilipoanza kuvuma, kwa kuwa watu wa Mombasa wanawasha taa, Ndululu alisimama kwenye kivuli cha mkwaju akazipungia mkono, kama watoto wa mjini wanavyolipungia gari moshi.

Kalondu alienda kwanza dukani kwa Mzee Othman kuulizia simiti, maana matofali ya simiti hayachomwi. Ubao wa bei wa Othman ulikuwa umefutwa na kuandikwa mara nyingi hata ukatoboka katikati.

"Juzi haikuwa hii," Kalondu alisema.

"Hata jana haikuwa hii, mwanangu. Mimi siipandishi. Inakuja na lori, imeshapanda."

"Na ikishuka?"

"Ikishuka nitakutumia mtu mbio. Lakini usimngojee mlangoni, utaota mizizi."

Wakacheka wote wawili, na Kalondu akarudi bila simiti. Njiani alipitia ofisi ya chifu. Amri ilikuwa imebandikwa mlangoni, na kwa kuwa sasa alijua kusoma, hakumwomba mtu. Alipitisha kidole neno kwa neno. Ilitaja mti, tawi, gogo na mzizi. Alisoma tena toka juu. Kivuli hakikutajwa.

Kesho yake kikundi kilifika na mapanga. Kivuli hukatiwa shinani, pale kinapoanzia, na kikishaachana na ardhi kinakunjika kama ngozi mbichi. Walivifunga mizigo, wakavibeba mgongoni kwa kamba ya kichwani kama kuni zozote, wakavisokomeza kwenye midomo ya tanuri. Siku tatu tanuri likatoa moshi tu.

Mama Ndolo, mwenyekiti wao, alifika siku ya nne kutoka matangani, akachomoa kivuli kimoja akakinusa.

"Mlikata saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi," Kalondu akasema. "Vilikuwa virefu."

"Virefu! Nyinyi mnapenda urefu kama wasichana wanaotafuta mabwana. Hiki ni kibichi, kina umande. Cha saa sita ni kifupi lakini kimekaza. Mama Ndululu, hukufundishwa kuni na mama yako?"

"Kuni nilifundishwa."

"Basi."

Walikata tena saa sita. Safari hii moto ulishika, mweusi, usio na mwanga, lakini wenye joto la kutosha kumfanya mtu arudi nyuma. Ndululu alichoma viazi vitamu mdomoni mwa tanuri. Mbuzi walisimama juani wakitazama, kwa sababu kivuli kilichokatwa hakirudi.

Kisilu, karani wa chifu, alikuja na baiskeli. Alizunguka shamba zima akitafuta visiki vipya, akavikosa.

"Mnachoma nini?"

"Kivuli cha mkwaju," Kalondu akajibu.

"Mna kibali?"

"Cha mti ama cha kivuli?"

Kisilu alitoa kalamu. Akaandika kwenye daftari kwamba hakuna mti uliokatwa, akapokea kiazi kimoja, akala, akapanda baiskeli.

Matofali yalitoka meusi na imara. Nyumba ilisimama siku mbili kabla ya mvua. Fundi alipofika juu ya mlango, Kalondu alimwomba aache tundu la kuingiza ngumi.

"La nini? Ndege wataingia."

"La waya. Siku umeme ukisimama hapa."

Fundi aliacha tundu.

Ilikuwa nyumba nzuri. Mchwa walikuja, wakaonja ukuta, wakaenda zao. Musembi, mumewe, aliporudi mwisho wa mwezi kutoka shamba la mkonge, alisema hajawahi kulala mahali penye baridi tamu hivyo wakati wa jua. Kitu kimoja tu: ndani kulikuwa giza. Ungefungua dirisha na mlango, giza la mkwaju lilibaki pale pale, likinukia ukwaju. Taa iliwashwa kuanzia saa tisa mchana, na mafuta ya taa nayo yalikuwa kwenye ule ubao wa Othman.

Mvua ilipokuwa imekolea, Kisilu alirudi na karatasi. Kalondu aliisoma mwenyewe, mlangoni, penye mwanga. Ilisema vivuli vyote ndani ya ukanda ni mali ya laini, visikatwe, visihamishwe, wala visichomwe.

"Na vya Kalondu?" Mama Ndolo akauliza. Yeye ndiye aliyekuwa na zamu inayofuata.

"Hivyo vimeshakuwa nyumba," Kisilu akasema. "Amri hairudi nyuma."

Matofali elfu nne ya Mama Ndolo yalikuwa uwanjani, mabichi, chini ya majani ya migomba. Mvua iliyanyeshea wiki nzima. Yalirudi kuwa udongo, polepole, yakianzia pembeni. Siku ukuta wake wa zamani ulipolala chini, Kalondu alimfuata, akabeba kitanda chake kichwani.

"Utakaa kwetu," alimwambia, "mpaka."

"Mpaka lini?"

"Mpaka. Si kuna nafasi?"

Mama Ndolo aliingia, akasimama kidogo mpaka macho yazoee. "Nyumba ya kivuli," alisema. "Angalau hatutaungua na jua." Akauliza kitanda kiwekwe wapi.

Saa kumi na mbili jioni mwanga wa mwisho, pekee ulioweza kulipenya lile giza, uliingia kwa lile tundu na kuangukia ukuta wa pili, mkubwa kama sahani ya chai. Kalondu alikuwa amesogeza kitabu chake cha gumbaru hapo, akisoma mstari kabla mwanga haujahama. Juu ya mabati nyaya zikaanza kuvuma. Akafunga kitabu, akambeba Ndululu begani hadi jicho la mtoto likafika kwenye tundu. Ndululu alipitisha mkono wake nje, akapunga, akaurudisha.

"Mama, umeme umepita," akasema.