Hewa Isiyo na Harufu

Mwalimu Mburu alichora maduara mawili ubaoni, moja la kaboni na jingine la oksijeni, akaandika CO. Sisi wa Kidato cha Pili tukanakili huku tukipiga miayo. Mimi na kemia tulikuwa paka na panya. Fomula nilizikariri kwa ajili ya mtihani tu, kisha nikazisahau kwa furaha.

"Hii si ile hewa mnayotoa mkipumua," akasema. "Ile ina oksijeni mbili. Hii ina moja, na inaua. Makaa yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa, ndiyo hutoka. Huioni, huinusi. Kwetu Nyandarua, kila baridi ikija kuna boma linazika mtu aliyelala na jiko. Nyinyi wa ziwani na joto lenu hamjui mambo haya."

Kalamu ikaniponyoka.

Mwezi wa Aprili mvua ilikuwa imenyesha kwetu Dunga mpaka tukasahau jua. Ndugu yangu mdogo, Byron, alishikwa na kikohozi. Mama, ambaye hukaanga samaki ufuoni, alimwona anatetemeka. Akaliingiza jiko lake chumbani mwa mtoto, makaa yakiwa bado mekundu, akaziba dirisha kwa gunia ili mbu wasiingie. Mama gani asingefanya hivyo? Asubuhi Byron hakuamka.

Jioni ile alikuwa amenyweshwa uji na mama mdogo Benta, mke wa pili wa Baba, ambaye hajajaliwa mtoto. Basi, kesi ikaishia hapo. Kikulacho ki nguoni mwako, wakasema waombolezaji, huku wakila bila wasiwasi chakula alichopika Benta huyo huyo. Baba akamfukuza kabla ya matanga kwisha. Akarudi kwao Sondu na begi moja, na Mama akamtemea mate mgongoni.

Sasa nilikuwa na jibu, na lilinichoma. Fomula ile ingemsafisha Benta, lakini jiko aliliingiza Mama. Nikamchukia Mwalimu Mburu, maskini, ambaye kazi yake ilikuwa kufundisha tu.

Nilimkuta Mama ufuoni akigeuza ngege kwenye mafuta.

"Celestine, mbona uso uko hivyo? Umechapwa?"

"Hapana, Mama."

Ningeweza kunyamaza. Mungu anajua nilitaka. Lakini tulikuwa tumesikia kwamba hata huko Sondu, watu hawagusi kikombe cha Benta. Nikamweleza Mama yote, nikitazama mafuta badala ya macho yake.

Hakulia. Samaki wakaanza kuungua na hakuwageuza.

"Hiyo hewa," akauliza mwishowe, "inauma mtoto?"

"Hapana, Mama. Mwalimu amesema mtu analala tu."

Mwalimu hakusema hivyo. Nilisema mimi.

Mama akaketi mchangani, nami nikaketi kando yake nikamshika. Wanunuzi wakaja, wakatutazama, wakaenda kwa muuzaji mwingine.

Tulikaa hivyo hadi samaki wakawa makaa. Kisha Mama akainuka, akaipua karai, akajifunga leso kichwani.

"Baba yako usimwambie," akasema. "Naenda Sondu kumrudisha Benta kwanza. Nitamwambia mimi mwenyewe ni nani aliua mtoto, Benta akiwa amesimama hapo anasikia."