Mashine ya Kumzidi Wifi

Mshonaji alikuwa na kijicho, na tusimpambe: kilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Tangu wifi yake, dada wa mumewe, anunue mashine ndogo ya umeme ya kuchongea mbao, nyumbani kwa mama mkwe hapakumkalika. Mashine yenyewe ilitoboa, ikakata, ikapiga msasa; ukibadilisha ncha tu, umebadilisha kazi. Na kijisanduku alichochonga wifi kiliwekwa sebuleni, juu ya meza, kila mgeni akione. Cha mshonaji, alichomchongea mama mkwe kwa kisu jioni baada ya jioni akishafunika cherehani, kilikuwa kabatini, nyuma ya mashuka.

"Kimefungiwa kama mwizi," alimlalamikia mumewe.

"Basi nunua na wewe mashine, tupumue," mume akajibu bila kuinua macho kwenye sahani.

Dukani, muuzaji alimpangia tatu. Ya kwanza, aliposikia bei, aliirudisha haraka kana kwamba imemchoma. Mbili zilizobaki zilikuwa za bei moja, bei ya watu wa kawaida.

"Unachonga nini, dada?"

"Maua, kwenye mbao laini."

"Chukua hii basi. Ina kitufe cha kupunguza mwendo. Ile nyingine haina, ukiwasha ni mbio tu. Mbao laini itakuunguzia."

"Ila ndiyo yenye mbio kuliko ya wifi yangu?"

Muuzaji alicheka, akidhani ni utani. Mshonaji alitoka na ile ya mbio, kaikumbatia kifuani.

Alikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe kuomba kijisanduku chake, akiongezee nakshi. Bibi alisita. Kisha akatoa vilivyokuwamo, kimoja kimoja: pete ya ndoa isiyomwenea tena kidoleni, picha ya marehemu mumewe, jino la kwanza la mwanawe lililofungwa kwenye pamba. Kile cha sebuleni kilijaa rimoti na kalamu zilizokauka wino. Mshonaji aliviona vyote, lakini roho yake ilikuwa mbali, ikipanga jinsi ya kumkomesha wifi.

"Ongeza utakavyo," bibi alisema, "ila ua langu la kifunikoni usiliguse."

Nyumbani akaiwasha. Mashine ilipiga kelele, ikamruka mkononi, moshi ukafuka, ncha ikateleza kutoka pembeni hadi katikati. Alipoizima, mahali pa ua palikuwa na mfereji mweusi. Alikaa akiutazama, kisha akaufunika kwa kipande cha bitana.

"Hodi!"

Alikuwa wifi, mashine yake kwapani.

"Wifi yangu, leo nimekuja kuomba," alisema akijibwaga kitini. "Nifundishe lile ua. Mama hataki hata nikiguse kile kijisanduku, na changu kakifanya jaa la rimoti. Unadhani mashine nilinunulia nini? Nilitaka nikufikie. Wapi! Nikamwambia mama anionyeshe tena, akasema leo unacho wewe."

Siku zote hizo mshonaji alikuwa akimwonea wivu mtu aliyekuwa akimwonea wivu yeye.

"Mbona mnanuka moshi humu?" wifi akauliza, na tayari mkono wake ulikuwa umeshika pindo la bitana.